Kilichoziba Feni ya Betri

Gari lilikuwa limeanza kuishiwa nguvu kwenye vilima. Kwenye tambarare lilikwenda bila neno, lakini likiona mlima tu, injini ya petroli ilipiga kelele kama inataka kung'oka huku magurudumu yakijikokota, na taa ya njano ikawaka mbele ya usukani. Mwenyewe, daktari wa meno, alikuwa amelipeleka kwa mafundi wa karibu na nyumbani, na kila mmoja alilitibu kama gari la kawaida, ilhali lilikuwa la petroli na umeme pamoja. Huyu alibadilisha plagi, yule akabadilisha chujio la injini, wa mwisho akalaumu petroli. Siku ya safari, mama yake akiwa siti ya nyuma, gari likagoma kabisa chini ya mlima wa kwanza nje ya mji. Bahati nzuri, hapo hapo palikuwa na gereji.

Fundi wake alikuwa mtu mzima, mnene, waliyemwita Taratibu, na hakufungua boneti. Alichomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, akasoma, akakuna kidevu.

"Injini haina ugonjwa," alisema. "Betri kubwa inachemka. Ikichemka, gari linajizuia lenyewe, linaiachia injini kazi yote, na injini yenyewe ndogo, peke yake haiuwezi mlima. Sasa, betri iko chini ya siti ya nyuma. Inapozwa na feni inayovuta hewa ya humu humu ndani. Nyuma huwa anakaa nani?"

"Mama yangu."

"Basi tuanze kwa mama."

Mama aliteremka, akasalimia gereji nzima, akaketi kwenye benchi la wateja karibu na mwanamume aliyekuwa akisubiri matairi. Tundu la feni lilikuwa ubavuni mwa siti, na lilikuwa limefunikwa na mizigo. Taratibu akaanza kuiteremsha. Cherehani. Sufuria zilizofungwa kwa kamba. Mto wa kulalia. Picha ya marehemu mumewe mama, msumari wake ukiwa bado unaning'inia kwenye uzi.

"Bibi anahama?" aliuliza.

"Anakwenda kumtembelea dada yangu," alisema daktari. "Wiki mbili tu."

Taratibu aliitazama cherehani, akaiweka chini polepole. Daktari wa meno akajishughulisha na simu. Ukweli ni kwamba dada yake alikuwa ameshaandaa chumba cha kudumu, na chumba cha mama kule nyumbani mkewe alikuwa ameshakipima kwa ajili ya mashine ya mazoezi. Mama hakuwa ameambiwa. Angeambiwa akishafika, akishazoea, tena kwa simu. Mtu na mkewe walikuwa wamekubaliana hivyo humo humo garini, jioni baada ya jioni, kwa sauti ndogo, mama akiwa amesinzia nyuma. Walichosahau ni kwamba gari la namna hii likisimama kwenye foleni injini huzimika, na ndani husikika hata mtu anayemeza mate.

Taratibu alifungua kifuniko cha tundu, akachomoa chujio. Lilikuwa limejaa kitu cha kijivu, kama pamba ya godoro kuukuu. Akakinyofoa kidogo, akakisugua kwa vidole.

"Nilidhani manyoya ya paka," alisema. "Kumbe maneno. Haya ya kumezwa. Kwenye teksi ndiko huwa mengi."

"Yanatoka?"

"Kwa upepo tu. Ukiyamwagia maji yanaganda."

Akavuta mpira wa kompresa, akapuliza. Maneno yakaanza kutoka kwa sauti ya mama, yakasambaa gereji nzima.

"Silali, nimefumba macho tu."

"Chumba hakina unyevu. Nani kawaambia kina unyevu?"

"Supu ingekolea kama msingenificha chumvi."

Mwanamume wa matairi alipunguza redio, kwa adabu. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja. Kwenye lile la chumvi aliguna, kama mtu anayekumbushwa jambo alilokwisha kulisahau. Taratibu aligeuza chujio, akapuliza upande wa pili.

"Wiki mbili, mbona cherehani?"

"Mkeo ana haki na nyumba yake. Lakini wewe ndiye mwanangu."

"Ungeniambia tu, ningefunga mizigo mwenyewe."

Daktari wa meno aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Kazi yake ilikuwa kufumbua watu vinywa, na hata siku moja hakuwa amemuuliza mama yake anataka nini. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ilikuwa sakafu ya saruji, nene, yenye madoa ya oili, nayo ikamwacha amesimama pale pale. Alitaka kusema, nisamehe, mama. Neno lilimfika kooni. Watu walikuwa wanatazama, akalimeza.

"Limesafika," alisema Taratibu, akilirudisha chujio mahali pake. "Ila nikwambie ukweli, bosi. Anayekaa nyuma akiendelea kumeza, litaziba tena."

"Haliwezi kuziba," alisema daktari haraka, akitaka tu mazungumzo yaishe. "Baada ya leo hakuna atakayekaa nyuma."

Kompresa ilikuwa imekwisha kuzimwa, kwa hiyo kila mtu alisikia. Taratibu alikaza skrubu ambayo tayari ilikuwa imekaza. Mwanamume wa matairi akayatazama matairi. Mama aliinuka, akakung'uta gauni lake, akaokota mto wake mwenyewe.

"Nisaidieni hiyo cherehani," alisema. "Ni nzito."

Wakaipanga mizigo upya, safari hii mbali na tundu. Kwenye lango la gereji daktari wa meno alisimama. Kushoto kulikuwa nyumbani, wala hapakuwa mbali. Kulia kulikuwa mlima. Kwenye simu palikuwa na ujumbe wa mkewe kwamba mashine imeletwa na imeingia vizuri, ila kitanda imebidi kitolewe nje. Akausoma, akajisikia mtu duni kuliko alivyowahi kujisikia, akakata kulia.

Gari lilipanda bila kukoroma. Taa ya njano haikuwaka. Juu kabisa barabara ilinyooka, injini ikazimika yenyewe, pakawa kimya.

"Linavuta sasa," alisema mama kutoka nyuma. "Tutafika mapema."

"Ndiyo, mama."

Alimtazama kwenye kioo. Midomo ya mama ilifunguka kidogo, ikafumbana, na kando yake feni ikaanza kuzunguka. Daktari wa meno akakanyaga mafuta mpaka injini ikanguruma, ili asiisikie.