Pembe za Magari ya Maziwa

"Wanachama wote wa Ushirika wa Maziwa wanaarifiwa kwamba, kuanzia Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi, taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini haitaruhusiwa kuonekana kwenye dashibodi ya gari lolote libebalo maziwa. Gari litakalokutwa na taa hiyo litaondolewa kwenye zamu. Kwa amri ya Kamati."

Farhiya alilisoma tangazo hilo neno kwa neno, akizisomea soli mbili za viatu zilizochomoza chini ya gari lake aina ya Probox. Soli hizo zilikuwa za Komora, fundi wa kuchomelea mabomba mjini Garsen.

"Umesikia, fundi?"

"Nimesikia, mama. Nilikuwa nangoja waseme ni kwa nini."

"Kamati haisemi kwa nini. Wewe ndiyo ulikata hii bomba, wewe ndiyo utazima hiyo taa. Na leo ni Jumatatu."

Komora akajiburura nje, masizi yamemjaa kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa makamo asiye na haraka. Shule aliiachia darasa la saba, maswali hakuyaacha.

Chanzo cha yote kilikuwa mafuriko ya mwaka juzi. Mto Tana ulipoimeza barabara, dereva mmoja alimwomba Komora alipandishe bomba la moshi la gari lake hadi juu ya paa, ili maji yasiingie. Komora akalipandisha. Lilisimama ubavuni kama pembe ya ng'ombe wa wafugaji Waorma, na kabla ya mwezi kwisha magari yote manane ya Ushirika yalikuwa na pembe. Ni kweli kwamba injini hunywa maji kwa mdomo, si kwa mkia, na mdomo, yaani tundu la kuvutia hewa, ulibaki palepale chini ya boneti. Lakini mji ulikwisha kupendezwa na pembe, na kuuliza kungekuwa utovu wa adabu.

Katika kulikata bomba la Farhiya, Komora alikuta kopo la chuma, na ndani ya kopo kitu kigumu kama kigae, chenye vitundu visivyohesabika, mfano wa sega la nyuki. Mafundi wa barabara hii yote hadi Malindi wana desturi moja kuhusu sega: hulivunja kwa nondo na kulimwaga, ili gari lipumue. Komora alilivunja, kama alivyoyavunja mengine saba. Vipande vya hilo la mwisho alivitia kwenye mkebe wa rangi, maana hakujua kazi yake, na kitu asichokijua kazi yake hakuwa na tabia ya kukitupa.

Sasa taa ilikuwa inawaka, na Farhiya alikuwa na siku tano. Marehemu mumewe alimwachia gari. Zamu ya kupeleka maziwa ya ngamia Malindi aliitafuta mwenyewe, kwa miaka minne, katika Kamati ya wanaume watupu. Akiondolewa, angebaki mjane mwenye gari, na wako wengi.

Gollo, fundi wa umeme mwenye kibanda mkabala, alikuja na kimashine cha kusomea kompyuta za magari. Akakichomeka chini ya usukani, akasoma kwa raha ya mtu anayesoma makosa ya mwenzake.

"Makosa mawili. Sensa ya kwanza ya oksijeni, ile inayonusa moshi kwenye bomba, inasema hewa ni nyingi, petroli ni kidogo. Na sensa ya pili inasema vilevile kama ya kwanza."

"Basi zimepatana," alisema Farhiya.

"Hapo ndipo shida, mama. Hazitakiwi kupatana. Nunua mpya zote mbili."

"Zimeharibika?" aliuliza Komora.

"Wewe chomelea, mimi nasoma. Mashine imesema sensa."

"Mashine imesema kile ilichoambiwa na sensa. Mtu akikuletea habari mbaya, unambadilisha mtu?"

"Hapa Garsen? Ndiyo."

Farhiya alicheka. Komora alibaki akilitazama bomba.

Jumanne Komora alifungua plagi za injini. Zilikuwa nyeusi, dalili ya petroli kupita kiasi. Sensa ilisema petroli haitoshi. Komora alizipanga plagi nne juu ya gunia, akachuchumaa mbele yake kama hakimu mbele ya mashahidi. Mmoja alikuwa mwongo, plagi au sensa, au wote walikuwa wakweli na kisa ndicho kilichokuwa kigeni. Dhana hii ya pili ilimpendeza zaidi, akaondoka nayo kwenda kula.

Jumatano alimpita mziba pancha akitumbukiza tyubu kwenye karai la maji, akasimama ghafla hata mwenye mkokoteni nyuma yake akamtukana. Aliazima mpira wa kujazia upepo, akauingiza kwenye pembe ya Probox na kuziba pembeni kwa matambara, kisha akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo alichochomelea. Viungo vyote vilinyamaza isipokuwa kimoja. Pale karibu na injini, upana wa kidole kimoja kabla ya sensa ya kwanza, povu lilivimba, likapasuka, likavimba tena.

Kitundu hicho kingeweza kuzibwa kwa ncha ya sindano. Komora alikiangalia kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili.

Moshi, alifikiri, hautoki kama maji ya mfereji. Hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba huvuta pumzi. Kitundu kilikuwa kikivuta hewa ya barabarani, hewa ambayo injini haikuiona kamwe. Sensa iliinusa, ikatoa taarifa kwa uaminifu. Kompyuta iliipokea taarifa, ikaongeza petroli kwa uaminifu. Plagi zikaungua nyeusi kwa uaminifu. Kosa lilikuwa kwenye kiungo, na kiungo kilikuwa cha Komora.

Alikichomelea upya, Gollo akafuta makosa, na Alhamisi Farhiya alikwenda Tarasaa na kurudi. Alishuka na furaha nusu.

"Petroli inakula kidogo. Gari inavuta vizuri, walahi. Lakini taa imerudi."

"Ni ile ya pili," alisema Gollo, kimashine mkononi. "Nilikwambia ununue."

Komora aliuleta mkebe wa rangi, akaumimina mbele yao.

"Sega husafisha moshi. Sensa moja hunusa moshi kabla ya sega, ya pili hunusa baada yake. Sega likifanya kazi, zinatofautiana. Zikisema sawa, kompyuta inajua katikati hakuna kitu. Na kweli hakuna. Kiko hapa."

Farhiya aliokota kipande, akakitazama vitundu vyake dhidi ya jua. "Huwezi kukirudisha?"

"Unga hauwi hindi tena, mama."

"Chonga nati yenye tundu," Gollo alisema. "Ndefu. Sensa ikae juu yake, mbali na moshi. Itanusa kidogo tu, itadhani mambo ni mazuri."

"Kwa hivyo itakuwa haisikii?" aliuliza Farhiya.

"Itasikia kidogo."

"Kama mwenyekiti wetu. Komora, weka."

Ijumaa Komora aliichonga nati hiyo. Ilitoka safi, kazi nzuri kuliko alivyowahi kufanya kwa mwezi mzima. Aliifumbata kiganjani, akalala chini ya gari, akaitazama sensa ya pili, iliyomfichulia kosa ambalo macho yake yalilipita kwa mwaka na zaidi. Akatoka bila kuifunga nati.

"Hukuweka," alisema Farhiya. Hakuuliza.

"Hii ikinyamaza, sega likivunjika tena nani atakwambia? Kesho nitakuja mwenyewe niiambie Kamati kosa ni langu. Wanipe muda nitafute sega lingine."

"Wakinitoa?"

Farhiya alifunga mlango wa gari kwa nguvu, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi saa tatu magari manane yalipangwa mbele ya chumba cha kupoozea maziwa, pembe zote juu. Mwenyekiti Boru alipita akichungulia dashibodi moja baada ya nyingine, injini zikinguruma. Alipofika gari la tano alianza kutembea polepole. Taa zilikuwa zinawaka katika yote manane, likiwemo la mwenyekiti mwenyewe.

Komora alisogea, akavua kofia. "Mzee Boru, nilivunja sega katika magari haya yote. Sensa hazina kosa. Naomba muda nirekebishe moja moja."

"Asante, fundi. Tumekusikia," alisema Boru. Karani aliandika hayo chini ya "Mengineyo".

Kamati ikaingia chumbani. Maziwa yalikuwa yakingoja kwenye mitungi, na jua lilikuwa limekwisha kupanda. Komora alisimama kando ya Probox, nati mfukoni. Farhiya alikaa kwenye usukani, hamtazami.

Baada ya nusu saa Boru alitoka na karatasi.

"Kamati imeamua, kwa kauli moja, kwamba ukaguzi wa taa utafanywa gari likiwa limezimwa."

Farhiya alimtazama Komora kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akachomoa ufunguo, taa ikazimika.