Walioamshwa kwa Ajili ya Kiwanda

Asubuhi kiwanda kilipoanza kazi, Gaudiosa alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko, anachambua matembele. King'ora kililia upande wa pili wa reli. Mbwa wa jirani wakabweka kidogo, wakachoka. Alipoinua macho alimwona mama yake anapita njiani na gauni la bluu alilozikwa nalo, na nyuma yake wajomba, na mama wadogo, na wengine wa ukoo ambao aliwajua kwa majina tu, maana walifariki kabla yeye hajazaliwa.

"Shikamoo mama," Gaudiosa alisema.

"Marahaba. Hayo matembele usiyapike mpaka yakafa."

Mama yake, Yudith, hakusimama. Alifariki mwaka ule mafuriko yalipobeba reli ya Kilosa, na hata alipokuwa hai hakupenda kuchelewa kazini.

Debora, mjukuu wa Gaudiosa, naye alikuwa anatoka. Alikuwa amepaka viatu kiwi, na vyeti vyake vya ufundi wa mitambo, alivyovipata chuoni Mikumi, amevitia kwenye mfuko wa nailoni. Kwa kuwa alilelewa vizuri, alijibana kwenye ua akawapisha wazee wote wapite, akawaamkia mmoja mmoja. Alipofika kwenye geti la kiwanda alikuta limefungwa. Mlinzi, kijana wa Ruaha aitwaye Bryson, alimwambia nafasi zimejaa. Debora akarudi nyumbani, akavua viatu, akachukua jembe akaenda kufanya kibarua kwenye shamba la watu, kwa sababu shamba la kwao ndipo kiwanda kilipojengwa.

Shamba hilo lilikuwa la kina mama. Katika ukoo wao ardhi hushuka kutoka kwa mama kwenda kwa binti, lakini neno la ardhi husemwa na kaka. Gaudiosa alikuwa na mdogo wake wa kiume, Beda, na ndiye aliyekuja na mwekezaji. Mwekezaji alikuwa mgeni wa nje mwenye sauti ya chini, anajifuta shingo kwa karatasi laini. Kupitia kwa Beda alieleza kwamba atajenga kiwanda cha kuchakata mkonge, atasuka magunia na mazulia, na vijana hawatakwenda tena mbali kutafuta maisha. Maofisa waliokuja naye walipiga makofi kila alipotua. Gaudiosa aliuliza swali moja tu, kama Debora ataajiriwa.

"Dada," Beda alimjibu, "huyo ndiye wa kwanza kabisa."

Basi akakubali. Mama yake Debora ameolewa Magole na ana watoto wengine wa kulea; binti huyu alikuwa mzigo wa bibi, na bibi alitaka amwone ameshika kazi kabla nguvu hazijamwisha.

Makaburi yalikuwa pembeni mwa shamba, upande wa nyumbani, yamezungushiwa minyaa. Mtu wa nje akipewa mahali, ukoo wao huwaamsha waliolala hapo. Kaka humwaga pombe ya mtama, huita majina, huwaambia kuna mgeni, wamtazame wamjue. Kisha humwaga tena, huwaambia warudi walale. Kuamsha na kulaza ni tendo moja, kama vile mtu anavyofungua mlango akaufunga. Siku ile Beda aliamsha vizuri, kwa sauti nzuri. Alipofika pa kulaza, dereva wa mgeni alipiga honi. Beda akatia kizibo kwenye kibuyu, akasema atamalizia siku nyingine, mgeni anawahi treni ya umeme. Wanawake wakatazamana. Mbele ya mgeni mtu hamkosoi kaka yake.

Wakati kiwanda kinajengwa, waliolala walikaa juu ya makaburi yao wakitazama mafundi. Walikuwa watulivu. Mafundi walizoea kuwaomba wasogeze miguu toroli lipite.

Kazi ilipoanza, ilionekana kweli wanaijua. Wengi wao walikuwa wamekata mkonge kwenye mashamba ya zamani ya Kimamba, na mikono yao haikusahau. Walilisha majani kwenye korona, ile mashine inayoponda na kukwangua, wakaanika singa, zile nyuzi za mkonge, kwenye nyaya, wakazipitisha kwenye brashi mpaka zikang'aa. Hawakuomba maji. Hawakuomba likizo ya uzazi wala ya msiba. Debora alijaribu kukaanga maandazi akauze getini wakati wa mapumziko, lakini wafanyakazi hawakuwa na mapumziko, na hawakuwa wanakula. Bryson alinunua mawili, mengine Debora akarudi nayo.

Wageni wengine wakaja kutazama. Maofisa waliwatembeza, wakawaambia kwamba hapa nguvukazi ni ya uhakika na haijawahi kugoma. Wageni walishikana mikono na wafanyakazi, kisha wakapangusa viganja kwenye suruali, maana ile mikono ilikuwa ya baridi. Singa zilipakiwa kwenye makontena zikaenda zao.

Gaudiosa alivumilia mpaka mahindi ya watu yakavunwa. Halafu akajitanda khanga akaenda kiwandani. Bryson alimwamkia akamfungulia, kwa sababu hakukuwa na amri ya kumzuia mtu asimwone mama yake.

Yudith alikuwa kwenye brashi. Vumbi la singa lilimjaa kwenye nyusi. Gaudiosa akamweleza shida yake, kwamba Debora amesomea mashine hizi hizi na sasa anapalilia mashamba ya watu, na kwamba ingekuwa vizuri mama ampishe.

"Ningempisha leo hii," Yudith alisema, mikono inaendelea. "Nimechoka, mwanangu. Lakini tumeamshwa, hatujalazwa. Tutakwenda wapi?"

Gaudiosa akasema basi atawalaza yeye. Akasimama katikati ya mashine, akatamka maneno kama alivyowasikia wajomba wakiyatamka. Wajomba wenyewe walikuwepo. Waligeuka wakamsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza. Mmoja akamwambia kwamba amesema vizuri, ila kinywa cha neno hilo anacho Beda. Wakarudi kwenye kazi.

Kwa hiyo akaenda Mikumi. Beda siku hizi alikuwa na nyumba nyuma ya kituo cha mafuta, na cheo cha msimamizi wa wafanyakazi. Alimpokea dada yake vizuri, akamkalisha kwenye kochi, akamletea soda. Kile kibuyu kilikuwa juu ya kabati karibu na televisheni, kizibo chake kipo. Gaudiosa alimwambia ainuke waende wakamalizie.

Beda hakukasirika. Alieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Mwekezaji alikuwa anatazama nchi nyingi, dada. Wengine walimpa umeme wa bure. Wengine walimsamehe kodi mpaka wajukuu wake wazeeke. Akaniuliza, nyinyi mna nini? Ningemwambia nini mimi, tuna mchicha?"

"Ukamwambia tuna mama."

"Nilimwambia tuna watu waliozoea mkonge, hawali, hawaugui. Sikumdanganya."

"Mimi ulinidanganya."

Beda akatazama soda ya dada yake, akaona haijapungua. Akasema kwamba akiwalaza leo, kesho mgeni anafungasha mashine zake, na kijiji kitabaki na kuta tupu. Je, hilo ndilo analotaka? Gaudiosa akamwuliza kuhusu Debora. Beda akasema Debora ni mzima, ana nguvu zake, atasubiri. Kisha akamsindikiza dada yake mpaka barabarani, akamshika mkono wakati wa kuvuka, kwa sababu malori ya Zambia hayapunguzi mwendo.

Masika yalipoingia Gaudiosa alianza kukohoa, na kikohozi hakikuondoka. Aliacha kwenda kuteka maji. Kisha aliacha kutoka kitandani. Debora alimpikia uji, akamgeuza, akamfulia.

Jumapili moja baada ya misa Beda alikuja kumwona. Debora alimwamkia, "Shikamoo babu," naye akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu." Aliketi pembeni ya kitanda, akauliza hali. Halafu akatoa kwenye mfuko ovaroli jipya la bluu lenye jina la kampuni mgongoni.

"Nimekushikia nafasi, dada," alisema. "Kwenye brashi, karibu na mama. Pale kuna kivuli."

Gaudiosa alilitazama. Alisema kwa sauti ndogo kwamba ampe mtoto.

Debora alilichukua ovaroli, akaenda nyuma ya pazia, akarudi amelivaa. Lilimkaa vizuri mabegani, na miguu haikuhitaji kukunjwa. Bibi yake akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba limempendeza. Beda naye alikiri kwamba limempendeza.

Kisha akamwambia alivue.

Debora akalivua, akalikunja, akaliweka miguuni pa kitanda cha bibi yake.