Jina Lililoitwa Kabla ya Gitaa

Okwach Owiti alikuwa nyuma ya nyumba yake Buhongwa, anausugua mkono wake wa kushoto kwa mafuta ya mnyonyo, redio ilipoanza kumwimbia marehemu Tayabali wimbo wa kuzaliwa.

Mtangazaji alikuwa binti anayeitwa Favour, mwenye sauti tamu na haraka ya bodaboda. Kila asubuhi alisoma siku za kuzaliwa za wanamuziki: huyu wa Marekani, yule wa Jamaika, mwingine wa Kongo; huyu katoa santuri yake ya kwanza lini, yule kafa lini na kwa ugonjwa gani. Watu waliozikwa ng'ambo ya bahari kabla hata mama yake Favour hajabalehe, aliwatakia heri kama binamu zake. Okwach hakuwa na ugomvi na hilo. Mwanamuziki ni mwanamuziki, acha akumbukwe.

"Na leo, wana Mwanza, tunaye wa kwetu!" Favour akapaza sauti. "Siku kama ya leo alizaliwa fundi wa gitaa la solo, marehemu Tayabali, yule anayeitwa mle ndani ya 'Sabina wa Busisi'! Na wimbo wenyewe mwaka huu unatimiza miaka hamsini. Jumamosi tukutane uwanjani Mkuyuni. Binti yake atakuwepo, tunakata keki!"

Halafu akauweka wimbo. Ikaja sauti ya mwimbaji Yakobo, ikamlilia Sabina aliyevuka na kivuko asirudi. Tarumbeta zikajibu. Kisha, pale wimbo unapoanza kuchemka, Yakobo akaita: "Tayabali! Tayabali!" Na papo hapo gitaa likaingia kama maji yaliyofunguliwa.

Gitaa lile alilipiga Okwach.

"Umesikia?" alimuuliza mkewe.

Roza alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Nimesikia. Wamekuzika na ungali unakula ugali wangu."

Asiyezijua enzi zile aelezwe. Katika bendi kama Mkuyuni Jazz, waliyoipigia Okwach na Yakobo, fedha ya mlangoni aliichukua mwenye vyombo vya muziki. Mwanamuziki alilipwa jina. Wimbo ukichemka, mwimbaji alimwita mpiga solo, ukumbi mzima ukageuka kumtazama, na mtu aliyelala njaa akajiona mfalme mpaka mwisho wa wimbo. Na sheria ilikuwa moja: mpigaji hajiiti. Anayejiita mwenyewe ni mlevi, atolewe nje. Ila tajiri aliyeisaidia bendi naye aliweza kuitwa, ikawa ndiyo asante yake.

Mwaka ule walipoitwa Dar kurekodi, hawakuwa na usafiri. Tayabali, Mhindi muuza vipuri wa Mkuyuni, aliwapa lori lake la pamba, dereva na mafuta. Walipomuuliza atataka nini, alicheka. "Nitajeni tu." Lori lenyewe lilikwama kwenye matope kabla ya Shinyanga, wakashuka wote, wakalisukuma na suti zao za jukwaani mwilini. Kule studio fundi mitambo akawaambia utepe unazunguka mara moja tu, hakuna kurudia, na nafasi ya kuita jina ni moja. Yakobo alimtazama Okwach. Okwach akaonyesha kwa kichwa: mpe mwenye gari, mimi utaniita tukirudi Mwanza.

Na kweli, huko Mwanza Yakobo alimwita kila wiki, mpaka ukumbi ulipogeuzwa ghala la mbolea. Lakini ukumbi hauingii kwenye utepe. Yakobo alikufa. Wa tarumbeta wakafa. Mwenye vyombo alikufa tajiri. Kisha daraja la Busisi likafunguliwa, vijana wakaanza kujipiga video wanavuka huku wimbo wa kivuko unalia, na ikifika pale pa kuita wote wanapayuka: "Tayabali!" Walichapisha hadi fulana. Ndivyo nchi hii inavyokumbuka: humkumbuka aliyetoa lori, siyo aliyeshuka kulisukuma.

Kesho yake Okwach alivaa koti, akaenda redioni.

"Shikamoo babu," Favour alimpokea vizuri, hilo asinyimwe. Alisikiliza mpaka mwisho, kalamu mdomoni. Kisha akasema, "Babu yangu, nisamehe, ila wewe ni wa tatu tangu nitangaze. Jana alikuja mmoja anasema yeye ndiye Sabina mwenyewe. Na ana ndevu."

"Mimi sina ndevu. Nimepiga gitaa."

"Una picha?"

"Picha alikuwa nazo mwenye vyombo."

"Basi tupigie kidogo. Kuna gitaa la kijana wa kipindi cha usiku hapo."

Okwach aliinua mkono wa kushoto, akauonyesha. Tangu kiharusi vidole vilikuwa vimelala, kila kimoja na upande wake. Favour alivitazama, akaona aibu kidogo, kisha akajitahidi kusaidia.

"Haya, nipe angalau siku yako ya kuzaliwa. Ukipatikana ukweli, nikutangaze."

"Nilizaliwa wakati wa palizi ya mtama, mwaka uliofuata njaa."

"Palizi ya tarehe ngapi?"

"Mama yangu hakuwa na kalenda, binti. Alikuwa na jembe."

"Sasa babu, kipindi changu ni cha tarehe. Mtu asiye na tarehe namweka wapi?"

"Na huyo Tayabali, ulimuuliza binti yake kama baba yake alipiga gitaa?"

Favour alifikiri. "Nilimuuliza tarehe," akasema.

Kutoka pale alikwenda Mkuyuni bila kupumzika. Njiani alikuwa amepanga maneno yote, makali, ya miaka hamsini. Duka la Tayabali bado lilikuwa palepale, na ndani yake, katikati ya mikanda na feni za injini, alikaa Shamsha, wa mwisho wa watoto wa mzee. Ndugu zake walishahamia Kanada na Uingereza zamani. Shamsha alimjua kabla hajavua kofia.

"Kaka Okwach! Shikamoo. Wewe bado mzima?"

"Marahaba. Mimi mzima, ila redio inasema nilikuwa Mhindi."

Shamsha alicheka, kisha akaacha kucheka. Alimsogezea kiti.

"Shamsha, baba yako alipiga gitaa?"

"Baba yangu? Hata honi ya gari alikuwa anaipiga kwa aibu."

"Sasa mbona umekubali kwenda kukata keki?"

Alifuta meza mahali palipokuwa safi. "Yule binti aliniuliza baba alizaliwa lini. Nikamwambia. Hakuuliza kingine. Kabla sijajua kinachoendelea, vijana wakaanza kuja hapa kupiga picha na mimi. Mama Tayabali, wananiita. Mtoto wa Mwanza. Kaka, mimi nimezaliwa hospitali ya hapa, baba kazaliwa hapa, babu kazikwa hapa. Na bado nikibishana bei ya nyanya sokoni naambiwa rudi kwenu. Wiki hii peke yake sijaambiwa. Wamenipa hilo kwa sababu ya gitaa lako, najua. Lakini wamenipa."

Okwach alikuwa amekuja na maneno yake kama jiwe mkononi, sasa hakuona pa kulirushia. Alikasirika zaidi. Mtu akikunyima haki huku akicheka, unamtukana, unaondoka. Huyu alikuwa analia.

"Jina la baba yako silitoi," alisema mwishowe. "Limo kwenye utepe, libaki, lori alitoa kweli. Nataka na langu liitwe. Mara moja, mbele ya watu, kabla sijafa. Na mimi siwezi kujiita. Sheria unaijua, ulikuwa unachungulia madirishani na watoto wenzako."

"Naijua."

"Waliokuwepo wote wamekwisha. Umebaki wewe."

Shamsha alishika kidole gumba cha mkono mgonjwa wa Okwach. "Jumamosi watanipa kipaza sauti. Nitasema, kaka. Wallahi nitasema."

Nyumbani Roza hakuamini. "Mtu akivishwa taji la mwenzake, hulivua mbele ya umati?"

"Ameapa."

"Haya. Mimi Jumamosi niko kanisani." Roza alikuwa Msabato tangu tumboni. Katika ndoa yao yote hakuwahi kukanyaga dansi. Muziki ule ndio uliomlaza peke yake na watoto na mlango usiofungwa komeo. Akaongeza, "Na wewe ungekuja kanisani. Huko jina lako limeandikwa mbinguni."

"Mbinguni najua. Mimi nauliza Mkuyuni."

Jumamosi uwanja ulijaa. Kulikuwa na turubai, spika ndefu kama makabati, na keki yenye umbo la gitaa. Wageni rasmi walikaa kwenye viti vilivyovikwa vitambaa. Wazee waliojitambulisha kama wapenzi wa dansi walipewa benchi pembeni, na Okwach akakaa hapo, koti limefungwa vifungo vyote. Wimbo ulipigwa mara ya kwanza. Watoto waliozaliwa juzi walipayuka "Tayabali!" mpaka mabati ya vibanda yakatetemeka.

Favour akampandisha Shamsha jukwaani. Alivaa gauni la kijani, shela imemteleza begani. Alichukua kipaza sauti kwa mikono miwili, akatafuta kwa macho mpaka akampata Okwach kwenye benchi. Okwach akanyanyuka nusu.

"Baba yangu," Shamsha alianza.

"Tayabali! Tayabali!" uwanja ukamjibu. "Mama, tunakupenda! Mtoto wa Mwanza!"

Alisubiri kelele zipungue. Hazikupungua. Machozi yakamshuka, na watu walipoyaona wakazidi kushangilia.

"Baba yangu aliupenda mji huu," alisema. "Asanteni. Asanteni sana." Akarudisha kipaza sauti.

Okwach hakumbuki alivyofika jukwaani. Favour alimwona, akamtambua, na kwa kuwa kamera zilikuwa zinatazama hakuweza kumfukuza mzee. "Mzee wetu huyu naye ana salamu," alisema, akampa.

"Lori lilikuwa la Tayabali," Okwach alisema. Sauti yake ilirudi kutoka kwenye spika, kubwa kuliko yeye. "Lori lilikuwa lake. Gitaa halikuwa lake."

Baadhi ya watu wakacheka. Kijana mmoja wa mbele akauliza kwa sauti, "Lilikuwa la nani, babu?"

Swali lile alikuwa amelingoja miaka hamsini. Jibu lilikuwa neno moja, alilopewa na baba yake. Alifungua mdomo, na ukumbi wote wa zamani ukamtazama: Yakobo, wa tarumbeta, wacheza dansi na viatu vyao vilivyong'arishwa. Anayejiita ni mlevi, atolewe nje. Alimtazama Shamsha. Shamsha aliitazama mikono yake.

"Babu kasahau!" mtu akasema, na kicheko kikasambaa.

Ndipo sauti ya mwanamke ikapasua kutoka nyuma, karibu na wauza mihogo.

"Okwach! Okwach wuod Owiti!"

Alikuwa Roza, na nguo zake za kanisani, Biblia kwapani. Alikuwa ameiacha ibada katikati. Alisimama juu ya kreti ya soda, akamwita mumewe kama wanawake wa kwao Shirati wanavyomwita mtu aliyestahili, jina lake na la baba yake, kisha sifa zake: "Okwach wa Shirati! Mwenye vidole vilivyonyima mji usingizi! Vilivyoninyima mimi usingizi! Okwach wuod Owiti!"

Okwach alishusha kipaza sauti. Kwa muda mfupi, mfupi sana, mambo yalikuwa sawa.

Halafu vijana wakalidaka. "Okwach! Okwach!" Upande wa pili ukajibu, "Tayabali!" Favour alikuwa mjuzi wa kazi yake: akauwasha wimbo tena, na ulipofika pale pa kuita, nusu ya uwanja ilipayuka jina moja, nusu lingine, wanatukanana kwa furaha kama mashabiki wa mpira. Gitaa lilipoingia hakuna aliyelisikia.

Shamsha alimfuata Okwach chini ya ngazi. "Kaka, nilitaka kusema."

"Ulikuwa na kipaza sauti, Shamsha," alisema Okwach, akapita.

Walipofika mlangoni kwao Roza alisema, "Nimevunja Sabato kwa ajili ya watu wanaocheka," akaingia ndani kubadilisha nguo.

Jumatatu redio ilikuwa na furaha kubwa. "Wana Mwanza, mji umegawanyika! Nani alipiga gitaa la 'Sabina wa Busisi'? Piga simu, toa kura yako, atakayeongoza mpaka saa nne ndiye tutakayemwandika kwenye historia!"

Simu zikaingia. Mmoja wa Igoma alisema Tayabali, kwa sababu ndilo jina aliloimba tangu utoto. Mwingine alisema Okwach, kwa kuwa yule bibi wa Biblia alimchekesha. Kila kura ilipigiwa kengele. Okwach alikaa na chupa ya mafuta mapajani.

"Halo, uko hewani. Nani mwenzangu?"

"Shamsha wa Mkuyuni." Sauti ilikuwa imekauka. "Tayabali ni baba yangu. Baba yangu hakuwahi kushika gitaa. Aliyepiga ni Okwach Owiti. Nilimwona kwa macho yangu, dirishani, nilikuwa mtoto. Jumamosi niliogopa. Sasa nimesema."

Roza alisimama mlangoni na ungo mkononi. Kisha kengele ikalia.

"Asante sana mama! Hiyo ni kura moja kwa Okwach. Bado Tayabali anaongoza. Nani mwingine yuko hewani?"

Roza aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akachukua simu iliyokuwa dirishani.

"Acha, Roza," alisema Okwach. "Wakinipa kwa kura, kesho wataninyang'anya kwa kura."

Roza alikuwa ameshaiweka sikioni. Ilikuwa inaita.