Tini Mbele ya Mkwe

Jumamosi hiyo Phanice aliamka na dua moja tu: mama yake aje, auone mti wa tini ulivyozaa, arudi Asumbi bila kuuliza habari ya mkono. Mkono wenyewe, wa kushoto, ulifungwa kitambaa kuanzia kifundo hadi kiwiko. Jumapili iliyopita chai ilichelewa, na Javan, mumewe, akammwagia birika zima. Ndiye seremala huyo huyo ambaye Migori yote humsifu kwa upole.

Angekuwa mume wa kuchaguliwa, labda Phanice angelia wazi. Lakini alimchagua mwenyewe, mwaka 1993, mama akimkanya, naye akajibu kwa kiburi kwamba anajua anachokifanya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na aliyevunjika guu huona haya hata kuchechemea mbele ya mkuu huyo. Kwa hiyo Javan alipompa maneno ya kusema, aliyapokea kama mtu anayepewa dawa.

Mama yake, Pamela, alikuwa mpishi wa masista kwa miaka ishirini na miwili. Huko ndiko alikojulia tini, maana wenzake wengi walijua ng'owo tu, mkuyu wa porini ambao matunda yake hugombaniwa na watoto na siafu. Phanice alipoolewa, mama hakumpa sufuria wala blanketi. Alimpa kijiti cha mtini, wakakipanda nyuma ya jikoni, na mwaka huu ndio kwanza kilizaa vya kutosha.

Pamela alifika saa nne asubuhi na kikapu chenye sukari, ndimu na chupa ya asali. Javan alimwamkia kwa mbali, ameinama, kisha akajifungia sebuleni na redio yake. Ndivyo ilivyopaswa. Kwa Wajaluo mama mkwe na mkwe wake hawali machoni pa mwenzake. Hakuna anayewakumbusha, kama vile hakuna anayemkumbusha mtu kuvaa nguo kabla ya kutoka nje.

Jikoni Pamela alikuwa na raha zake. Tini zilizolegea kabisa alizipasua juu ya bakuli la maziwa lala, mbichi, na ganda lake, akasema anayemenya tini amekosa adabu. Nyingine alizitia sukari na maji ya ndimu, akazikoroga kwa mwiko mpaka mapovu yakawa mazito na jikoni kukanukia sikukuu. Zile nono alizichanja msalaba kichwani, akazifungua kidogo kwa vidole, akadondoshea asali na kuzipanga kwenye mfuniko wa sufuria juu ya makaa. Phanice alikula mbili moto moto, akaunguza ulimi, akacheka. Akaanza kuamini kwamba siku itapita salama.

Ndipo mama akauliza mkono una nini.

"Ni maziwa ya tini, Mama. Yalinidondokea nikichuma."

Pamela alichukua tini moja iliyoiva, akavunja kikonyo chake juu ya mkono wake mwenyewe, akakikamua. Halikutoka hata tone la utomvu.

"Tini changa ndiyo yenye maziwa," alisema polepole. "Ikiiva yanakauka. Na hata yakikushika, ni vipele tu na kuwashwa. Hayafungiwi kitambaa mpaka kiwiko."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Phanice haikufika hata mlangoni. Alingoja aulizwe tena, lakini mama yake alipanga tini sita za kuchoma kwenye sahani, akanawa mikono, akatoka nazo na kuelekea sebuleni.

Phanice alimfuata mbio akidhani anampelekea Javan chakula, jambo ambalo lenyewe lilikuwa la ajabu. Alipofika mlangoni aliganda. Pamela alikuwa ameketi kwenye kiti kinachotazamana na cha mkwe wake. Alichukua tini, akaiuma. Asali ikamtiririka kidevuni na hakuifuta.

Javan aliruka, akageukia ukuta kama mtu aliyemkuta mkwewe uchi. Pamela akatafuna ya pili, kwa sauti. Phanice hakuwahi kuona jambo kama hilo, hakuwahi hata kusikia limetendeka, na sasa aliyekuwa akilitenda ni mama yake, mwanamke wa kanisa, mchana kweupe.

"Mama mkwe hali mbele ya mkwe wake," Pamela alisema alipomaliza ya tatu. "Mimi nimekula, na umenisikia nikila. Basi katika nyumba hii sina mkwe. Binti yangu naenda naye."

Javan alisema na ukuta. "Phanice, mwambie. Mwambie ni maziwa ya tini."

Phanice alifungua kitambaa. Hakujua kwamba atakifungua mpaka alipokiona sakafuni.

"Ni chai," alisema. "Na si mara ya kwanza."

Pamela alikuwa ameshainuka kwenda. Aliposikia hayo ya mwisho alirudi kitini kwa kishindo, sahani ikamtoka mkononi, tini zikatapakaa. Uso ule uliovunja mwiko bila kupepesa jicho sasa ulikuwa umepauka.

Phanice akaketi sakafuni, miguuni pake, akaanza kumsimulia tangu ile ya kwanza.