Yowe la Kimya

Fimbo ya kwanza ilimpata Veronika kwenye mtulinga, akasikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Alianguka juu ya mafiga. Sufuria ikapinduka na maji ya ugali yakamuunguza miguu. Magige, mume wake, hakupaza sauti. Alirudia tu swali ambalo alikuwa akiliuliza tangu aliporudi kutoka mnadani: Beatrice yuko wapi?

Beatrice alikuwa binti yao wa pekee. Msimu wa kukeketa ulikuwa umeanza, na ngariba alikuwa ameshaambiwa aje. Asubuhi hiyo, Magige alipotoka kwenda kuuza ndama, Veronika alimtorosha mtoto akampeleka kwa Mokami, muuguzi mstaafu wa Nyamongo anayewaficha wasichana nyumbani kwake. Magige hakujua. Veronika alikuwa ameapa moyoni kwamba hatajua kwa kinywa chake.

Alijikokota hadi nyuma ya pipa la mahindi, akatoa simu kwenye kanga. Mokami alikuwa amemwekea kitufe kilichoandikwa "Mbegu za mahindi" ili Magige asikitambue. Ukikibonyeza, simu inafungua anwani fulani kwenye seva iliyoko Tarime mjini, na seva inampigia Mokami peke yake. Waliliita yowe la kimya. Veronika akabonyeza, akasubiri.

Simu ikalia mfukoni mwa Magige.

Aliitoa, akasoma polepole. "Yowe. Mahali: kimya. Aliyepiga: Veronika, Kerende." Alimtazama mke wake, akacheka kidogo. "Kumbe unaniitia watu."

Akaweka fimbo chini, akachukua panga.

*

Huko Nyamisangura, Tarime mjini, katika chumba cha nyuma ya duka la vitambaa, Tabitha aliona kwenye kompyuta yake ujumbe ukitoka kama siafu waliochokozwa, ukienda kila kijiji kuanzia Nyamongo hadi Mugumu. Alikuwa ametoka chuo mwaka uliopita. Seva ile aliijenga yeye, kwa sababu aliamini kwamba yowe likiweza kuvuka mlima kabla ya wezi wa ng'ombe, watu wachache zaidi watakufa. Bado aliamini hivyo. Sasa alisoma jina la aliyepiga, akaona ni la mwanamke aliyebonyeza kimya.

Seva haifikiri. Ombi likiingia, inasoma anwani yake, kisha inapitia mistari ya msimbo, yaani maagizo iliyoandikiwa, kuanzia juu. Mstari wa kwanza unaofanana na anwani hiyo unalichukua ombi, na mistari ya chini haiulizwi kitu. Mstari mmoja ulisema: anwani ikiwa na neno yowe na baada yake jina lolote, ita wanaume wa kijiji chenye jina hilo. Mwingine ulisema: neno yowe likifuatwa na neno kimya, mpigie Mokami.

Siku zote mstari wa kimya ulikaa juu. Lakini wiki iliyopita Tabitha alikwenda Kerende kwenye kikao cha jeshi la jadi linalowasaka wezi wa ng'ombe, na kamanda wao, mzee Kisyeri, alikataa kabisa kuona kitufe cha wanawake kikitangulia kile cha ng'ombe kwenye ukurasa wa seva. "Binti yangu," alimwambia, "yowe la ng'ombe halikai chini ya yowe la mke." Wanaume waligonga fimbo zao chini kukubali. Tabitha aliona ni jambo dogo la heshima. Akapandisha kitufe cha ng'ombe juu ya ukurasa, na ili msimbo ufanane na ukurasa, akaupandisha na mstari wake. Alijaribu Kerende, ikaitika. Akajaribu Mugumu, ikaitika. Kimya hakuijaribu, maana hakutaka kumshtua Mokami bure.

Kwa hiyo neno kimya lilikuwa limenaswa kwenye mstari wa juu kana kwamba ni jina la kijiji. Na kwa kuwa kijiji hicho hakipo, seva ilifanya kama alivyoiagiza ifanye isipojua kijiji: iliwaita wanaume wote.

Alimpigia Mokami, akasahau hata salamu. Alimweleza kwamba yowe la Veronika limekwenda kwa kila mtu, Magige akiwemo. Mokami aliuliza kama linaweza kurudishwa. Tabitha akasema ujumbe ukishatoka haurudi.

"Basi acha kuhangaika nalo," Mokami alisema. "Wanaume wameshashika mapanga, hawajui tu wakimbilie nyumba ipi. Mtu aliyesikia yowe hageuki mpaka alikute. Wape mahali: kwa Magige, karibu na josho."

"Watadhani ni wezi. Wataua mtu, mama."

"Na huyu anauawa sasa hivi, mwanangu."

Tabitha aliandika huku machozi yakidondokea mikono yake: Yowe. Mahali: kwa Magige, jirani na josho la Kerende. Akatuma.

*

Panga liliposhuka, Veronika alikinga kichwa kwa mkono wa kulia. Vidole viwili vikabaki kwenye vumbi la jikoni. Magige alimshika nywele akamburuta hadi uani, akamkanyaga kwenye mtulinga uliovunjika na kumwambia kwamba atamkata kiungo kwa kiungo mpaka amtaje mtoto.

"Hutampata," Veronika alisema. Damu ilimjaa mdomoni.

Mshale ulipita juu ya bega la Magige ukajichoma kwenye mlango. Wanaume waliruka ua kutoka pande zote, wakihema, wakitafuta wezi kwa macho. Walimwona Magige na panga lenye damu, wakadhani amepigana. Mmoja alimuuliza wamekimbilia upande gani.

Magige aliwaambia warudi makwao, hakuna wezi, haya ni mambo yake na mke wake. Baadhi walishusha pinde. Wengine wakaanza kucheka.

"Yaani mlima wote ule tumeupanda kwa ugomvi wa jikoni?" alisema mmoja.

"Magige, mbuzi wa faini ya yowe la bure umeshamfunga?" alisema mwingine. "Mnono lakini, tumekuja wengi."

Mzee Kisyeri alifika wa mwisho, mkono kiunoni. Hakucheka. Aliuona mkono wa Veronika, akaviona vidole mlangoni pa jiko, na kuku akivizungukia. Alimfukuza kuku kwa fimbo.

"Nani alipiga yowe?" aliuliza, ingawa jina alikuwa amelisoma.

"Mimi."

"Mwizi ni nani?"

Veronika alinyoosha mkono uliobaki mzima. "Huyu. Alimtaka mtoto wangu. Alipomkosa akachukua vidole."

Magige alisema amelipa ng'ombe kwa ajili ya mwanamke yule na hakuna wa kumfundisha. Kisyeri hakumjibu. Yowe lina mwenyewe, aliwaambia wenzake. Aliyelipiga ndiye analifunga, na kabla hajalifunga hakuna anayeondoka. Ndivyo walivyorithi, hata kama aliyepiga ni mke wa mtu. Kisha akamgeukia Veronika.

"Mama Beatrice, umelifunga?"

"Sijalifunga."

Magige aliinua panga. Halikushuka. Rungu lilimvunja kiwiko, lingine likampata taya, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema nani alipiga nini. Walimpiga kwa mabapa ya mapanga, wakampiga kwa mawe ya ua wake mwenyewe. Kijana mmoja alikuwa ameinua jiwe kwa mikono yote miwili juu ya kichwa cha Magige pale Veronika aliposema, kwa sauti ndogo sana, "Msimuue. Beatrice ataniuliza."

Kisyeri ndiye aliyemsikia. Alijitupa juu ya Magige, na jiwe likamchana yeye sikio. Ndipo wakaacha.

Pikipiki iliyomleta Mokami ilipoingia, wanaume walimpisha. Alifunga mkono wa Veronika kwa kanga yake, akamwambia neno moja sikioni kuhusu Beatrice: "Amelala." Veronika akaanza kulia kwa mara ya kwanza siku ile.

*

Tabitha alirudisha mstari wa kimya juu kabla hata polisi hawajamchukua Magige. Safari hii aliujaribu, na Mokami akapokea.

Siku chache baadaye mzee Kisyeri alimpigia. Alipokea shikamoo, akauliza habari za kazi, kisha akasema kwamba yowe la Veronika bado linalia kwenye simu zao kila asubuhi, na watu wamechoka.

"Sina uwezo wa kulizima, mzee. Aliyepiga ndiye anayefunga. Nyinyi ndio mlioniambia niandike hivyo."

"Anataka nini?"

"Anasema atalifunga siku Beatrice atakaporudi nyumbani kwa njia kuu, mchana, na ngariba asimsogelee."

Kisyeri akauliza kitufe cha wanawake kiko wapi sasa.

"Juu, mzee. Mstari wake ukikaa chini, yowe halifiki."

"Kiache huko."

Asubuhi iliyofuata simu zililia tena pale joshoni. Wanaume walizitoa, wakasoma jina la Veronika, wakazirudisha mifukoni bila kutazamana. Kisyeri aliacha ng'ombe wake kwenye foleni, akachukua fimbo, akashika njia ya kwenda kwa ngariba.