Goti la Mama Laenda Majimoto

Jana usingizi ulinikuta na hasira, na ndoto ikanipokea hivyo hivyo. Niliota mama yangu, Bi Mwanahawa, anaswali amekaa kitandani, maana goti lake la kulia limekataa kukunjika tangu masika yaliyopita. Mwenyewe husema Mungu anaelewa. Lakini akimaliza hujifuta macho kwa upindo wa kanga, nami roho huniuma.

Basi akalichomoa goti, akanitilia kikapuni. "Mlima siuwezi, mwanangu. Lipeleke wewe majimoto, likaoge."

Nikaliamkia, kwa kuwa lina umri wa mama. "Shikamoo, goti."

"Marahaba. Usinitikise."

Nafungua mlango wa jikoni, naingia msituni, napanda mlima. Miti imeziba anga, mvua inanyesha, ardhi inafuka mvuke, hewa inanuka kiberiti. Chemchemi iko pale pale penye mafiga yetu, inatokota. Pembeni amekaa mbega, koti lake jeusi na jeupe limepigwa pasi.

"Hodi," nikasema, kwa kuwa kwetu majimoto hayaingiwi bila hodi.

"Karibu," yakajibu maji. "Ila subiri, tuna wageni."

Wageni wenyewe ni mayai na chane ya ndizi. Wamejilaza wanapiga soga. Nimepanda mlima mzima na goti la mzazi wangu, halafu nasubirishwa kwa ajili ya mayai.

"Nyie hamna haya?" nikayauliza. "Hapa kuna mgonjwa."

"Dada, sisi bado mabichi," likajibu moja. "Huwezi kutoka hujaiva."

Yalipoiva nikalitumbukiza goti. Likaguna, likalegea, likaanza kujikunja na kujikunjua lenyewe, mpaka nikacheka. Maumivu yakatoka, yakaelea juu ya maji kama utando wa uji. Nikalipakia goti kikapuni, nikageuka niondoke.

"We dada," akaita mbega. "Soma bango."

Bango limeandikwa: KILA MGENI AONDOKE NA ALICHOKUJA NACHO.

"Hilo ni la wanaotupa chupa," nikasema.

"Hapo hapajaandikwa chupa."

"Kwa hiyo nije na maumivu, nirudi na maumivu? Sasa nimefuata nini huku? Huu ni uonevu mtupu, na wewe umekaa hapo na koti lako unausimamia."

Mbega akajikuna taratibu. "Bango linataka uondoke nayo. Halijasema ukampe nani."

Nikamtazama kwa jicho baya. Goti likanong'ona kikapuni, "Usithubutu, mwanangu." Nikalifunika kwa jani la mgomba lisione. Nikayachota yale maumivu kwa viganja, nikayabandika kwenye goti langu, huku namtukana mbega na ukoo wake wote.

Nikashtuka usingizini. Kumeanza kupambazuka, adhana imeshapita. Pazia la mlango liko wazi, na katika chumba cha pili namwona mama yuko chini kwenye mkeka, paji la uso limegusa sakafu. Amekaa hivyo muda mrefu, mabega yanamtikisika.

Alipotoa salamu akaniita. "Mwanangu, njoo. Njoo uone maajabu."

Nikataka kuruka nimkimbilie. Goti langu la kulia likakataa kukunjika.

"Nakuja, mama," nikajibu, nikashika ukuta.