Tabaka Lisilo na Mstari

Saa tatu asubuhi, katika maabara ya kiwanda cha rangi, Matone alitikisa chupa ya kutenganishia, akafungua kizibo gesi ipumue, akaitundika kwenye stendi. Ndani mlikuwa na maji ya kisima cha bondeni na kiyeyusho cha kuvutia uchafu. Viwili hivyo havielewani hata uvibembeleze: kiyeyusho kilipanda juu, maji yakatulia chini. Katikati ulibaki utando wa ukungu, na ndani yake alisimama mdogo wake, marehemu, aliyekuwa msafisha matangi wa kiwanda hicho. Kimo chake kilikuwa nusu ya njiti ya kiberiti.

"Dada, unatikisa kama unafua blanketi. Kichwa kinaniuma."

"Ungepita mlangoni ungepokewa vizuri." Matone aliinama, macho yakawa sawa na utando, kama kanuni inavyotaka. "Maji yakoje?"

"Ndiyo yaliyoniua. Masalia ya matangi tulimwaga huko huko bondeni. Mama bado anachota?"

"Kila siku. Anasema bila karatasi yenye muhuri, maneno yangu ni umbea."

Mkuu wa maabara aliitwa. Alivaa miwani, akachungulia.

"Kumbe upo! Pole na safari. Ule ufunguo wa tangi la nne uliuacha wapi?"

"Kwenye msumari nyuma ya pampu, mzee."

"Lo! Na sisi tumevunja kufuli bure."

Kisha akamwonyesha Matone fomu. Ilikuwa na mistari miwili: tabaka la juu, tabaka la chini. La katikati humwagwa kwa sababu huvuruga vipimo. Ndivyo mkuu alivyofundishwa, na aliyemfundisha vilevile.

"Lakini uchafu wote umeng'ang'ania hapo katikati," Matone alisema. "Na shahidi yuko hapo."

"Shahidi hayuko juu wala chini, binti. Nimwandike wapi?"

Matone akapima. Juu safi, chini safi. Akatia sahihi, mkuu akagonga muhuri: yanafaa kunywa.

Kumwaga nduguye kulimshinda, akamhamishia kwenye chupa ya kioo na kumweka rafuni. Mwezi ulipokwisha, chupa zilikuwa kumi na saba, kila moja na marehemu wake aliyekunywa maji ya kisima kile. Waliomo walisalimiana asubuhi na kulalamikia joto mchana. Mfagiaji aliwafuta vumbi kila Jumatatu, akiwasihi wasimchekeshe.

Ijumaa moja Matone alimkuta mdogo wake akisugua kioo kwa mkono wa shati.

"Unafanya nini?"

"Nampangusia mama mahali."

Matone alimpigia mama simu papo hapo. "Mama, usinywe hayo maji. Nakusihi."

"We mtoto una vituko," mama alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Karatasi nimeibandika mlangoni, majirani wamejaa hapa wanaisoma. Na jina lako mwenyewe liko hapa chini. Subiri kidogo, mwanangu, niwamiminie wageni."